Mwandishi wa Mazoezi

Taarifa ya kifo cha Nargis ilinifikia kwa simu, ujumbe wa mistari minne uliotumwa kwa kila mtu ambaye namba yake ilikutwa kwenye simu ya marehemu. Maziko yangekuwa Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, kwenye kituo cha jamii yao kule Vaughan, kaskazini mwa Toronto, Barabara ya Bathurst. Nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe cha chai mkononi. Niliusoma ujumbe, nikaiweka simu mezani, nikaichukua nikausoma tena, na chai ikapoa. Sikuwa rafiki yake. Kwa miaka kumi na saba tulionana mara mbili tu, na mara zote mbili kwa bahati. Lakini kuna mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo siku nne, ambapo mimi nilikuwa mwalimu na yeye mwanafunzi. Nilimfundisha kuzungumza na waandishi wa habari wakati kampuni yake inazama, na nilimfundisha vizuri. Sijawahi kufanya kazi nyingine kwa ustadi ule, na hakuna kazi ninayoionea aibu kama ile.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Dar es Salaam nilikuwa mwandishi wa redio kwa miaka sita. Si wa kutajika sana, lakini nilishawahi kumuuliza waziri swali lililomfanya avue miwani aifute kabla ya kujibu, na bosi wangu alilizungumzia swali lile wiki nzima. Nilipohamia Toronto hakuna aliyeyataka maswali yangu. Nilipeleka maombi kwenye kila chumba cha habari nilichoweza kukifikia, na kila mahali niliambiwa kwa adabu kwamba sina uzoefu wa Kanada. Mama mmoja, mtu mwema kabisa, alinishauri niishughulikie lafudhi yangu, alivyosema ungedhani ni jino bovu. Nikawa napakua maboksi kwenye ghala. Halafu, majira ya kuchipua, nikaona tangazo la kampuni ndogo iliyokuwa ikitafuta mtu aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, kazi ya vibarua vya nusu siku. Mwenye kampuni aliitwa Maureen, mwanamke wa miaka sitini hivi, zamani mtangazaji wa televisheni, nywele zake zimepuliziwa dawa mpaka hazitikisiki. Aliniketisha mbele yake akaniambia nimuulize maswali kana kwamba yeye ni meneja aliyeficha jambo. Nilimuuliza kwa dakika kumi. Hapohapo akaniajiri. Aliniambia nina uso wa mtu asiyeridhika na jibu, na kwamba uso wa namna hiyo haununuliki dukani.

Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya mwandishi. Wakubwa wa makampuni walikuja kujifunza namna ya kukabiliana na vyombo vya habari, na mimi nilikuwa adui wa mazoezi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la matofali mekundu upande wa Spadina, mahali palipokuwa karakana ya kushona makoti ya manyoya hapo zamani. Kulikuwa na chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa kitambaa cheusi, taa tatu kali, kamera moja na viti viwili vinavyotazamana. Kiti cha mteja kilikuwa kimekatwa miguu kidogo sana, ili akikaa ajione mfupi bila kujua kwa nini. Mimi nilikaa kwenye kile kirefu. Niliuliza, mteja alitokwa jasho, kijana wa kamera alirekodi, halafu Maureen aliwasha runinga na kumwonyesha mteja sura yake mwenyewe, akisimamisha picha pale alipolamba midomo au kutazama pembeni. Fundisho lake lilikuwa la hatua tatu: pokea swali, vuka, sema lako. Swali si deni, alikuwa akisema, hulazimiki kulilipa. Mchana waliletewa sahani kubwa za mikate iliyobanwa samaki na matango. Siku ya kwanza wateja hawakugusa kitu. Siku ya mwisho walikula mpaka makombo, na hapo Maureen alijua wameiva.

Ikaja Septemba, mabenki makubwa ya Marekani yakaporomoka, na simu ya ofisini haikupumzika tena. Walikuja wenye viwanda, wenye mifuko ya uwekezaji, wenye maduka, kila mmoja akitaka kufundishwa namna ya kusema kwamba mambo ni shwari. Vibarua vyangu vya nusu siku vikawa siku nzima, mara tano kwa wiki. Niliwahi kudhani uandishi ni kazi ya kutafuta ukweli uliofichwa. Mle ndani nililetewa ukweli kwenye sinia. Ili wafundishwe kukwepa, ilibidi kwanza watuambie wanakwepa nini. Ndiyo maana nilisainishwa karatasi ya kutunza siri siku ya kwanza, kurasa mbili zenye maneno ya kisheria, na Maureen akaniambia mtu aliyetangulia aliivunja akaburutwa mahakamani. Jioni nilitazama habari, nikamwona mteja wetu wa juzi anaulizwa na mwandishi wa kweli, mwenye mshahara na kitambulisho, swali laini kama uji. Mteja anapokea, anavuka, anasema lake, mwandishi anashukuru. Nilikuwa naizungumzisha runinga peke yangu, namwambia yule mwandishi swali alilopaswa kuuliza.

Niliishi Malvern, pembeni mwa jiji, kwenye besimenti, chini ya nyumba ya mzee Ambakisye na mkewe, wenyeji wa Tukuyu. Mzee alikuwa na miaka hamsini na saba, mtu mpole, mwimba besi kanisani, na alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha samani za ofisi, akiendesha mashine ya kukunja bati za makabati. Mkewe tulimwita Mama Tusa kwa jina la binti yao, Tusajigwe, msichana wa miaka kumi na sita aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu yote kwa Kiingereza. Kodi yangu ilikuwa ndogo, na nilikatazwa kupika Jumamosi na Jumapili, maana siku hizo nilikula juu pamoja nao: ndizi mbichi kutoka duka la Wajamaika zilizopikwa na maharage, au ugali na mboga za majani ambazo Mama Tusa alizigandisha tangu kiangazi. Bomba la kupitishia joto lilitoka jikoni kwao likashuka moja kwa moja juu ya kitanda changu, na kila kilichosemwa juu kilinifikia chini kana kwamba nimekaa nao mezani. Walijua. Mambo ya ndoa waliyazungumza kwa Kinyakyusa, mengine yote kwa Kiswahili.

Mwanzoni mwa Novemba kiwanda kiliwapa barua wafanyakazi waliovuka miaka hamsini na tano. Oda zilikuwa zimepungua, kwani ofisi zilizokuwa zinafungwa hazikuhitaji makabati. Aliyetaka kuondoka kwa hiari angelipwa kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo, ilimradi asaini kabla ya siku ya mwisho ya mwezi. Aliyetaka kubaki angeendelea na kazi, na kiinua mgongo chake kingemngoja. Niliyasikia majadiliano yao kupitia bomba, usiku kwa usiku. Mama Tusa alitaka asaini. Alisema kilicho mkononi ndicho chako. Mzee alisema akisaini atakuwa nani. Miaka minane bado ya kufanya kazi, na nani atamwajiri mtu wa umri wake mwaka ambao hata vijana wanafukuzwa. Walikuwa wanazunguka palepale, na kila mmoja alikuwa na haki.

Wiki ya tatu ya mwezi huo nikaingia ofisini Jumatatu asubuhi, nikakuta faili la mteja mpya mezani, na juu yake jina la kampuni lililokuwa kwenye kofia ya mzee Ambakisye. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Utaratibu ulikuwa wazi: ukimjua mtu anayehusika na mteja, unatoka chumbani. Lakini Maureen alikuwa ameniahidi ajira ya kudumu ifikapo Krismasi. Nilifungua faili, nikaanza kuandika maswali.

Msemaji waliyemleta alikuwa Nargis. Alikuwa na karibu miaka hamsini, mwembamba, suti ya kijivu, sauti ya chini yenye utulivu. Kwa kawaida alikuwa akiandika jarida la wafanyakazi na kupanga sherehe za mwisho wa mwaka. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Nadhani walimchagua kwa ajili ya ile sauti, na kwa sababu asingekuwa mtu wa kukosekana sana mambo yakiharibika. Jina langu lilipotajwa aliniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Yeye alikuwa mzaliwa wa Lindi, wa ukoo wa Kihindi. Familia yake iliondoka baada ya nyumba yao kutaifishwa, akiwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili chake kilibaki na umri huohuo. Kilikuwa Kiswahili cha mtoto wa Lindi, cha jikoni na cha uchochoroni, hakina neno hata moja la ofisini. Aliniita kaka tangu siku ile. Alikuwa haigusi mikate ya Maureen. Alileta bajia na chatne ya nazi kwenye kopo la biskuti, akanikatia nusu.

Siku ya kwanza na ya pili alifanya vibaya mno. Kila nilipomuuliza kama viinua mgongo vya wafanyakazi viko salama, mkono ulikwenda shingoni, akajibu jambo la maana moja kwa Kiingereza cha maana kumi. Maureen alimrudisha mwanzo mara nane. Siku ya tatu, Jumatano, Maureen alitoka kupokea simu, na kijana wa kamera akashuka kuvuta sigara. Nargis alibaki kwenye kile kiti kifupi, taa zikimpiga usoni. Aliniuliza kama ni kweli nilikuwa mwandishi wa redio kule nyumbani. Nikamwambia ni kweli, miaka sita. Akatazama mlango, kisha akasema taratibu:

"Hela hamna, kaka. Hamna kabisa. Wanaoondoka sasa watalipwa, wanaobaki hawapati kitu. Mwezi wa tatu tunafunga."

Kwa Kiingereza alikuwa na njia ishirini za kuzunguka jambo hilo. Kwa Kiswahili alikuwa na njia moja tu. Nakumbuka taa moja ilikuwa inatoa mlio mdogo. Nilimwona mzee Ambakisye mbele ya mashine yake waziwazi kama nilivyokuwa namwona yeye. Ningeweza kumuuliza kama yuko tayari kulisema hilo hadharani. Ningeweza kumwambia nani anaishi juu ya kitanda changu. Badala yake nikamuuliza kinachomshinda ni nini hasa. Akasema hawezi kusema uongo, mdomo unakataa. Na mimi, kwa moyo wa kufundisha, kwa kiburi cha fundi aliyeona mahali mbao inapogoma, nikamwambia:

"Usiseme uongo, dada. Tafuta jambo la kweli lililo jirani na swali, ulikalie hilo."

Tulitafuta pamoja. Mimi ndiye niliyelipata. Kila mfanyakazi wetu amelipwa kila alichostahili, hadi leo. Ilikuwa kweli tupu. Alilirudia kwa Kiingereza mara tatu, na mara ya tatu mkono haukwenda shingoni. Maureen aliporudi nikamuuliza Nargis swali lilelile, tena kwa ukali, na akajibu kama maji yanayotelemka. Maureen alinipigia makofi mimi, si yeye. Alhamisi mchana Nargis alikula mikate ya ofisini.

Ijumaa jioni alikuwa kwenye televisheni. Mwandishi alimuuliza, akajibu, wakaenda kwenye habari ya hali ya hewa. Nilimtazama nikiwa besimenti, na juu ya kichwa changu nikasikia kiti kinavutwa na mzee Ambakisye anamwambia mkewe, umemsikia mama yule, kila mtu atalipwa haki yake. Sivyo alivyosema. Lakini ndivyo tulivyokusudia asikike.

Kesho yake asubuhi nilipanda kula nao kama kawaida. Ndizi zilikuwa mezani, chai ya maziwa, barua ya kiwanda imekunjwa pembeni ya chupa ya chai. Tusa alikuwa anakula amesimama. Mzee alimimina chai yake, akanimiminia na mimi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, kisha akasema nafanya kazi na wakubwa wa makampuni, najua wanavyosema na wanavyomaanisha. Akaisukuma barua mbele yangu.

"Niambie kama mwanangu. Nisaini, au ningoje?"

Mama Tusa aliacha kuosha vyombo. Nilikuwa na siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi, na neno moja lingetosha. Niliifikiria karatasi ya Maureen, mahakama, Krismasi. Hata hivyo sitaki kujitetea kwa woga peke yake, kwa sababu nakumbuka vizuri kwamba maneno yalinitoka bila kuyatafuta, yamelainika kwa mazoezi ya wiki nzima. Nilimwambia naelewa wasiwasi wake. Nilimwambia ni uamuzi mzito wa familia. Nilimwambia ninachojua ni kwamba kampuni imemlipa kila mtu anachostahili, hadi leo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama Tusa alinitazama kwa muda, kisha akafungua bomba la maji tena. Nilipokea, nikavuka, nikasema langu, na kiti nilichokalia wala hakikuwa kifupi.

Mzee hakusaini. Ajira ya kudumu nikaipata. Mwezi wa tatu kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai, milango ya kiwanda ikafungwa kwa mnyororo, na waliobaki wakaambiwa waingie kwenye foleni ya wadai, mabenki yakiwa mbele yao. Walifika mwisho wa foleni wakati hakuna kilichobaki. Nargis naye alitolewa wiki hiyohiyo, baada ya kusomeshwa taarifa ya mwisho mbele ya geti, wafanyakazi wakimzomea. Nilisikia baadaye kwamba mwanamke mmoja alimfuata katikati ya duka la vyakula, akamuuliza mbele ya watu anawezaje kupata usingizi. Wenye kampuni waliofanya maamuzi sikusikia kama wapo waliofuatwa dukani. Alimalizia miaka yake ya kazi akitunza vitabu vya duka la vigae la mpwa wake.

Mwezi wa tano nyumba ya Malvern ikauzwa, na mzee akapata kazi ya kusafisha matrela kwenye mji mwingine, safari ya saa mbili kwa gari. Siku ya kuhama nilisaidia kubeba vitu. Jikoni palikuwa patupu, ukutani alama nyeupe zilipokuwa zimetundikwa picha. Tulikuwa wawili tu, tumeshika kabati la vyombo, yeye upande huu na mimi upande ule, nikamwambia tuliweke chini kidogo. Nikamwambia yote: yule mama wa televisheni, chumba, ile sentensi ni ya nani. Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja, nilijua lini. Nikamwambia Jumatano, kabla ya ile chai. Nikaona midomo yake ikitembea, anahesabu siku.

"Shika upande wako," akasema.

Tukalibeba kabati mpaka kwenye gari. Mama Tusa aliniaga kwa mkono kwa sababu alikuwa bado hajaambiwa. Tangu siku hiyo nilipiga simu mara kadhaa, na kila mara ilipokelewa na Tusa, ambaye alinijibu kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri tu, kwamba baba hayupo. Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi ile. Nilikaa kwa Maureen miaka kumi na moja. Nilipata kiti changu, nikapata nyumba, na nikafundisha watu wengi.

Jumamosi nilikwenda Vaughan. Nilivua viatu nikakaa nyuma upande wa wanaume, nikasimama waliposimama. Baada ya swala tulipanga mstari kuwapa pole wafiwa. Kaka yake Nargis anaitwa Abbas, mzee wa miaka sabini na kitu, Kiswahili chake cha Lindi hakijatetereka. Nilimtajia jina langu, nikasema nilifanya kazi na marehemu kwa muda mfupi, zamani. Hakuuachia mkono wangu. Aliuliza kama mimi ndiye mtu wa redio. Kisha, watu wakisubiri nyuma yangu, akanieleza kwamba dada yake alikuwa akisema mwaka ule wote alimwambia ukweli mtu mmoja tu, mwandishi kutoka nyumbani, na alimwambia kwa Kiswahili makusudi, ili wenye ile ofisi wasijue. Hakuweza kuisema habari ile yeye mwenyewe. Alitumaini mwandishi angejua pa kuipeleka. Wiki nzima alikuwa akiamka mapema, anafungua redio, anangoja aisikie.

"Alikuwa ni wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Ulimwambia nani?"

Alikuwa ananitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kusikia jambo jema la kumsindikiza maiti wake.

"Sikumwambia mtu," nikasema, "mpaka ilipokuwa imeshapita."

Abbas akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru kwa kuja kutoka mbali, akaachia mkono wangu, akaupokea wa mtu aliyekuwa nyuma yangu.